Siku ya Mwanafunzi wa Chuo na Intaneti: Somo kutoka Kinoru

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla makanga wa Makutano hawajaanza kuita abiria, mwanga wa simu huonekana tayari katika madirisha ya vyumba vya kupanga mtaani Kinoru. Mwanafunzi wa chuo ameamka kwa sababu bando alilonunua jana usiku linakwisha saa kumi na mbili, na bado amebakisha MB 300. Anapakua maandishi ya somo la uhasibu, anapakua video mbili fupi za mhadhiri, anatuma kazi ya kikundi, kisha anazima data. Dakika chache baadaye ujumbe unaingia: bando limekwisha.

Hivyo ndivyo siku ya wanafunzi wengi inavyoanza. Kinoru, mtaa unaojulikana kwa uwanja wa michezo ulioandaa sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2018, uko katika mji ambao umejaa vijana wa vyuo. Mji wa Meru na viunga vyake una Meru National Polytechnic, Chuo Kikuu cha Kimethodisti (KeMU) kule Kaaga, tawi la chuo cha mafunzo ya udaktari KMTC na chuo cha walimu. Ukishika njia ya Maua unafika Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Majirani zetu wa Embu nao wana Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2016.

Somo hili linaangalia namna mwanafunzi anavyotumia intaneti kutwa kucha, gharama anazolipa akijua, na gharama anazolipa bila kujua. Limeandikwa kwa wanafunzi, lakini mzazi anayelipa karo atafaidika akilisoma pia.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma, msomaji ataweza:
(a) kueleza intaneti inavyofika Kinoru;
(b) kupiga hesabu ya matumizi yake ya data kwa mwezi na kwa muhula;
(c) kutambua hatari nne zinazomkabili mwanafunzi mtandaoni;
(d) kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mfano utakaotumika ni wa binti wa mwaka wa pili anayesomea diploma ya uhasibu. Amepanga chumba Kinoru. Mama yake ni mkulima wa majani chai na ndizi pande za Nkubu, na simu anayotumia binti huyu ilinunuliwa kwa pesa za bonasi ya chai. Binti huyu si mtu mmoja. Amejengwa kutokana na mambo ambayo wanafunzi wengi na wazazi wengi watayatambua mara moja.

1. KUTOKA MOMBASA HADI KINORU

Watu husema intaneti iko "hewani". Hewani ni hatua ya mwisho tu, kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye simu. Kabla ya hapo, ujumbe au video husafiri chini ya bahari na chini ya ardhi ndani ya nyuzi nyembamba za kioo ambazo wengi wetu tunaziita faiba.

Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti ili kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti. Setilaiti hizo hukaa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kila ombi lilipanda umbali huo, likashuka, na jibu likapitia njia hiyo hiyo. Intaneti ilikuwa ya polepole na ya bei ghali, na mwanafunzi wa wakati huo alilipa kwa dakika katika saiba huku akiangalia saa ukutani.

Mwaka 2009 nyaya mbili za baharini zilifika Mombasa: TEAMS, iliyovutwa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kutoka pwani, faiba ilivutwa hadi Nairobi na kuelekea mashinani. Mradi wa serikali ya kitaifa unaojulikana kama NOFBI ulilenga kufikisha faiba katika makao makuu ya kaunti. Vyuo vikuu navyo huunganishwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999.

Kwa nini mwanafunzi ajue haya? Kwa sababu nyaya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya kusini mwa Afrika, na watu wa Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko wakaona intaneti ikisuasua kwa siku kadhaa. Kosa la umbali wa maelfu ya kilomita lilimfikia mtu aliyekuwa chumbani Meru akijaribu kuwasilisha kazi ya chuo. Anayewasilisha kazi dakika ya mwisho anategemea waya ambao hajawahi kuuona. Anayewasilisha siku moja kabla hana cha kuogopa.

2. SAA 24 ZA MWANAFUNZI

Asubuhi. Binti wetu hafungui tovuti ya habari. Anafungua kundi la WhatsApp la darasa, kwa sababu huko ndiko kiranja wa darasa huandika kama mhadhiri atakuja, kama chumba kimebadilishwa, kama mtihani wa kati ya muhula umesogezwa mbele. Mwanafunzi asiye na bando asubuhi anaweza kupanda matatu hadi chuoni na kukuta mlango umefungwa. Kwake intaneti ndiyo ubao wa matangazo.

Mchana. Akiwa chuoni anatumia waifai ya chuo. Anapakua vitabu, mitihani ya miaka iliyopita, na fomu ya kutafutia nafasi ya mafunzo kazini. Chakula cha mchana kwenye kibanda analipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa mwaka 2007, wakati yeye mwenyewe alikuwa bado mtoto mchanga. Hajawahi kuishi katika nchi ambayo simu si pochi.

Alasiri. Hapa mambo hugawanyika. Kuna anayetafuta maelezo ya kitu ambacho hakukielewa darasani, na mara nyingi hukipata kwa mwalimu wa nchi nyingine anayefundisha bure kwa video. Kuna anayeuza nguo za mitumba kwa kuweka picha kwenye hali yake ya WhatsApp. Kuna anayemwuliza ChatGPT swali la kazi ya nyumbani na kunakili jibu lote bila kulisoma. Wote wanatumia bando la aina moja, lakini mwisho wa muhula hawavuni sawa.

Jioni na usiku. Hapa ndipo data nyingi huliwa: video fupi za TikTok, mpira wa Uingereza, sinema, na michezo ya kubahatisha. Binti wetu hulala akiwa na simu mkononi. Akiulizwa asubuhi alitazama nini, hakumbuki hata video tatu.

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, mgawanyiko mwingine ulionekana wazi. Masomo yalihamia mtandaoni, na wanafunzi wakarudi vijijini. Aliyekuwa karibu na mlingoti aliendelea na masomo. Aliyekuwa kwenye bonde lisilo na mtandao alipanda mlima kutafuta alama mbili za mawimbi ya simu, au alikosa somo kabisa. Vyuo vilipofunguliwa, wote walikaa kwenye chumba kimoja cha mtihani.

3. HESABU YA BANDO

Chukua kalamu na karatasi.

Video ya ubora wa kati, ule unaoandikwa 480p, hula takribani MB 600 kwa saa, yaani MB 10 kwa dakika. Ubora wa 720p huweza kuzidisha hapo mara mbili au zaidi. Maandishi ya somo ya kurasa 40, yasiyo na picha nyingi, huwa na MB 1 hadi 2. Simu ya sauti kwa WhatsApp kwa kawaida haifiki MB 1 kwa dakika.

Sasa linganisha. Maandishi 20 ya masomo yenye MB 2 kila moja ni MB 40. Hizo ni dakika 4 za video. Kwa maneno mengine, data anayotumia mwanafunzi kutazama video dakika 4 kabla ya kulala ingemletea maandishi ya somo zima la muhula.

Saa mbili za video kila usiku ni GB 1.2. Kwa siku 30 ni GB 36.

Upande wa pesa, tuseme mwanafunzi hununua bando la shilingi 50 kila siku. Shilingi 50 haionekani kama pesa nyingi. Kwa siku 30 ni shilingi 1,500. Kwa muhula wa miezi minne ni shilingi 6,000. Mama wa Nkubu anayetuma pesa za matumizi anapaswa kujua kwamba sehemu hiyo ipo, na binti anapaswa kuitaja wazi badala ya kuificha ndani ya "pesa za chakula".

Njia za kupunguza gharama ni hizi:

Kwanza, pakua mambo mazito ukiwa kwenye waifai ya chuo, usome ukiwa chumbani bila data.

Pili, kwenye mpangilio wa WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video wenyewe kwa wenyewe. Makundi ya mtaa, ya kanisa na ya shule ya zamani hula bando hata mwenye simu akiwa amelala.

Tatu, shusha ubora wa video. Kwenye kioo cha simu ndogo, 360p yatosha kumwona mhadhiri na maandishi yake.

Nne, wapangaji wa ploti moja wanaweza kuchangia waifai. Ikiwa huduma ni shilingi 3,000 kwa mwezi na wanaochangia ni sita, kila mmoja atalipa 500. Wakubaliane mapema nani anashika neno la siri, na libadilishwe kila mpangaji anapohama.

4. KARANI WA NYUMBANI

Kuna kazi moja ya intaneti ambayo wanafunzi huifanya sana na haitajwi mara nyingi. Mwanafunzi wa chuo ndiye karani wa familia. Akirudi Nkubu wikendi, baba mdogo humletea kitambulisho ili ajaziwe ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Jirani anataka cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Mdogo wake anataka kutuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS na ya mkopo wa masomo wa HELB. Nyanya anataka kujua kama amesajiliwa katika bima ya afya.

Huduma hizi zilikuwa zikihitaji safari na foleni. Sasa nyingi zinafanyika kwa simu, na kijana aliyesoma anawaokolea wazee nauli. Huo ni mchango mkubwa kwa jamii, na wazazi wanaosema kwamba vijana wanapoteza wakati kwenye simu wanapaswa kuuhesabu.

Hata hivyo, karani hubeba siri za watu. Binti wetu ana neno la siri la iTax la baba mdogo, nambari za vitambulisho vya watu sita na picha zake, zote ndani ya simu moja isiyofungwa. Simu hiyo ikipotea Makutano, watu saba wameibiwa, si mmoja. Kanuni za karani ni tatu. Funga simu kwa neno la siri. Baada ya kumaliza kazi ya mtu, futa picha ya kitambulisho chake, na ukumbuke kwamba hubaki pia kwenye WhatsApp na kwenye kapu la vitu vilivyofutwa. Mwandikie mwenyewe neno lake la siri kwenye karatasi, akae nalo yeye.

Asiye na ndugu wa kumsaidia afike Huduma Centre mjini Meru. Akienda saiba, ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka, na asiache nakala ya kitambulisho kwenye kompyuta ya mwenyewe.

5. KAZI ZA MTANDAONI

Wanafunzi wengi hutaka intaneti ijilipe yenyewe, na si vibaya. Kuna kazi halali: kuandika maneno yaliyorekodiwa kwa sauti, kutafsiri, kuchora mabango, kusimamia kurasa za biashara ndogo. Serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwafundisha vijana kazi za namna hii, na mafunzo yake hayalipiwi.

Kazi inayohitaji kuzungumziwa waziwazi ni ile ya kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa nchi za nje. Kenya imejulikana duniani kwa kazi hii, kiasi kwamba mwaka 2024 filamu ya habari iitwayo The Shadow Scholars ilieleza maisha ya Wakenya wanaoifanya. Si haki kuwaita wavivu. Wengi wao ni wanafunzi hodari waliokosa ajira, wanaosoma usiku kucha masomo ambayo hawakuyasomea, na wanaolipia karo ya wadogo zao kwa pesa hizo.

Lakini msomaji apime pande zote. England ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuuza huduma hizo kwa wanafunzi wake kuwa kosa. Hapa nyumbani, mwandishi hawezi kuonyesha kazi yake mbele ya mwajiri, kwa sababu jina lililo juu yake si lake. Akidhulumiwa malipo, hana pa kushtaki. Na tangu programu za akili unde zilipoenea mwishoni mwa 2022, baadhi ya wateja wameona hakuna haja ya kumlipa mtu. Aliyetegemea kazi hiyo peke yake alibaki na ujuzi mkubwa usio na ushahidi wowote. Heri kutumia ujuzi huo huo wa kutafiti na kuandika katika kazi inayobeba jina lake.

Kuhusu nafasi za kazi ng'ambo zinazotangazwa mitandaoni, tahadhari ni kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2022 serikali imelazimika kuwarudisha nyumbani Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengine walikuwa wamesoma na wanajua kompyuta vizuri, na hicho ndicho kilichotafutwa kwao. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

6. LAINI YA SHILINGI 200

Turudi kwa binti wetu.

Siku moja nje ya lango la chuo amekaa kijana chini ya mwavuli. Anasema ana lengo la kusajili laini, limebaki kidogo. Anayekubali atapewa shilingi 200 na hatahitaji hata kuichukua laini yenyewe. Binti anatoa kitambulisho, kinapigwa picha, na yeye anapigwa picha. Anapokea 200. Jioni ananunua bando na mandazi.

Miezi mitatu baadaye, mzee wa kaunti nyingine anapigiwa simu na mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu. Anashawishiwa kutaja nambari yake ya siri, na pesa alizouzia ng'ombe zinaondoka. Anapiga ripoti. Polisi wanaifuata laini iliyompigia mzee. Laini hiyo ina jina, ina nambari ya kitambulisho, ina picha ya mtu. Picha ni ya binti wetu.

Anaitwa kituoni wiki ya mitihani. Hajui mzee huyo, hajui pesa hizo, na hamkumbuki hata sura kijana wa mwavuli. Anaeleza ukweli, lakini ukweli wake hauna karatasi, na laini ina karatasi. Mama anafunga safari kutoka Nkubu mara mbili. Njiani kurudi anamwambia, "Mwanangu, walikupa mia mbili. Nauli peke yake imenila zaidi ya elfu, na mtihani umekupita."

Hii ndiyo sababu ya somo hili. Bando likiisha, kesho hununuliwa jingine. Kitambulisho ni kimoja, na kila kinachofanywa kwa jina lake humrudia mwenyewe.

Mambo ya kufanya leo ni haya:

Piga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona nambari usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni hiyo ya simu ukiwa na kitambulisho, uikatae.

Mwenye laini ya Safaricom apige *100*100# ili laini yake isiweze kubadilishwa na wakala mtaani bila yeye mwenyewe kufika dukani.

Usikodishe akaunti yako ya M-Pesa, ya benki, wala ya kazi za mtandaoni, hata kwa rafiki mnayelala chumba kimoja.

7. SIMU YA "MKOPO WAKO UMEKWAMA"

Watapeli husoma kalenda ya wanafunzi. HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, inapotoa pesa, simu na jumbe huanza. "Habari yako, naongea kutoka ofisi ya mikopo. Pesa yako imekwama. Nisomee nambari uliyotumiwa sasa hivi ili niifungue." Nambari hiyo ni ufunguo wa akaunti. Ukiisoma, umempa.

Nyingine ni hii: ujumbe unasema umepokea shilingi 3,500, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea nambari, mtoto yuko hospitalini, umrudishie. Usitazame ujumbe. Tazama salio lako kwenye M-Pesa. Ujumbe wa kweli hutoka kwa MPESA, hautoki kwa nambari ya simu ya mtu. Hata kama pesa zimeingia kweli, mwambie aombe zirudishwe kupitia kampuni yenyewe. Mwenye laini ya Safaricom hutuma ujumbe wa muamala kwa 456 na kampuni hushughulikia.

Safaricom imewaeleza wateja wake kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000, na kwamba jumbe za utapeli zitumwe kwa 333 bila malipo. Hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza nambari ya siri.

Viungo vinavyotumwa kwenye makundi vikiahidi ufadhili, bando la bure au kazi ya kaunti navyo visifunguliwe kabla ya kukaguliwa. Nafasi za kazi za serikali hazilipiwi. Anayedai "pesa ya fomu" kwa nambari ya mtu binafsi ni tapeli.

8. SHERIA INASEMA NINI

Sheria mbili zinamhusu mwanafunzi moja kwa moja.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inafanya kuwa kosa kutumia utambulisho au neno la siri la mtu mwingine kwa udanganyifu. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa kumsumbua mtu mtandaoni kwa namna inayomtia hofu au kumdhuru, sheria hiyo ya 2018 iliweka adhabu nzito zaidi, inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Anayesambaza picha za aibu za aliyekuwa mpenzi wake asidhani anafanya mzaha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa data yake inatumiwaje, kuiona, kuisahihisha, na kuomba ifutwe ikiwa si ya kweli. Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumiwa bila idhini ya wazazi. Mkopeshaji wa simu naye alitozwa karibu milioni 3 kwa kutumia majina na nambari za watu aliozipata kwa wengine.

Hilo la mwisho liwafikie wanafunzi wanaokopa kwa simu. Programu inapoomba ruhusa ya kuona orodha ya watu wote unaowasiliana nao, inaomba pia nambari ya mama, ya mhadhiri na ya mchungaji. Ruhusa hiyo hukataliwa kwa kubofya mara moja. Tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na orodha ya waliopewa leseni huchapishwa na benki hiyo. Soma orodha kwanza, kopa baadaye, ikiwa ni lazima kukopa.

9. MAZOEZI

1. Fungua mpangilio wa simu yako uone ni programu gani imekula data nyingi zaidi mwezi huu. Andika tatu za kwanza. Ni ngapi kati ya hizo zilikusaidia kupita mtihani, kupata pesa au kuongea na watu wako?

2. Piga hesabu ya pesa ulizotumia kwa bando wiki iliyopita. Zidisha kwa wiki 16 za muhula.

3. Piga *106#. Laini zote ni zako?

4. Jadilini katika kikundi: rafiki anataka utumie kitambulisho chako kumfungulia akaunti ya kazi mtandaoni kwa sababu yeye bado hajapata chake. Mtamjibu nini, na mnaweza kumsaidia kwa njia gani nyingine?

5. Kwa mzazi: mwulize mwanao akuonyeshe namna ya kutambua ujumbe wa kweli wa M-Pesa. Kisha yeye akuulize unaweka wapi nambari yako ya siri. Ikiwa iko nyuma ya kitambulisho, iondoeni siku hiyo hiyo.

Mwanafunzi akimaliza mazoezi haya awe na tabia ya kuyarudia kila mwanzo wa muhula, siku ile ile anayolipa kodi ya chumba. Zoezi la tatu halihitaji bando, na huchukua chini ya dakika moja. Binti wetu angelifanya jioni ile aliyorudi kutoka langoni, angeikuta laini asiyoijua, angeenda dukani kesho yake kuifunga, na wiki ya mitihani ingemkuta darasani.